Maradhi Mengi katika Mwili Mmoja: Habari za Nchi ya Ufipa

Jina la mji wa Sumbawanga hufasiriwa na wenyeji wengi kwa maneno mawili ya Kifipa: sumba, yaani tupa, na wanga, yaani uchawi. Ndiyo kusema, "tupa uchawi". Hatuna nia hapa ya kuipima fasiri hiyo kwa mizani ya wataalamu wa lugha. Yatutosha kwamba watu huikubali na kuirithisha, maana jina hili latuongoza kwenye jambo kubwa katika habari za nchi ya Ufipa, nalo ni hili: kwa nini mtu apatwaye na ugonjwa mmoja huenda kwa mganga na kutulia, bali apatwapo na wa pili juu ya ule wa kwanza, na wa tatu juu ya ule wa pili, moyo wake huanza kutafuta adui?

Jibu letu ni kwamba katika nchi hii maradhi hayakuwa na desturi ya kuja moja moja. Yalikuja kwa makundi, na moja lilimfungulia mwenzake mlango. Lakini wale waliokuja kupigana nayo, mara nyingi walipigana na moja tu kwa wakati. Katikati ya mambo haya mawili palibaki pengo, nalo likajazwa na wanga.

Kwanza na tutazame nchi yenyewe. Ufipa ni uwanda wa juu ulio kati ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na Ziwa Rukwa upande wa mashariki. Sehemu kubwa ya uwanda huo ina kimo cha mita 1,500 hadi 2,000, na milima ya Mbizi iliyo karibu na Sumbawanga yapita kimo hicho. Maziwa yako chini sana: Tanganyika kwa mita 770 hivi, na Rukwa kwa mita 800 hivi. Huko juu ni baridi, na watu hulima ulezi, mahindi na maharagwe juu ya matuta ya majani yaliyofukiwa, yaitwayo ntumba. Mbu ni wachache, bali vifua huuma kwa baridi na moshi wa nyumbani. Huko chini kuna samaki na joto, na pamoja nayo homa ya malaria. Kando ya Tanganyika kuna kichocho pia, na katika mapori kuna mbung'o.

Mfipa hakukaa siku zote mahali pamoja katika ngazi hii. Alishuka kutafuta samaki na chumvi, akapanda tena kulima. Tena mtu aliyekulia juu, ambaye damu yake haikuzoea malaria, huugua vikali ashukapo kuliko yule aliyezaliwa bondeni. Katika karne ya 20 safari zikawa ndefu zaidi: vijana walikwenda katika mashamba ya mkonge ya Tanga na katika machimbo ya dhahabu ya Lupa, walikolala wengi katika chumba kimoja, mahali panapopendwa na kifua kikuu. Basi mtu mmoja aliweza kurudi nyumbani akiwa na malaria ya bonde, kichocho cha ziwa, na kikohozi cha kambi, vyote ndani ya mwili mmoja.

Wala wageni wenye dawa hawakuokoka. David Livingstone alipita kando ya Ziwa Tanganyika katika nchi ya Wafipa mwezi Oktoba wa mwaka 1872, akielekea kusini. Yeye mwenyewe alikuwa tabibu. Lakini kwa miaka mingi alikuwa amebeba homa zilizorudi mara kwa mara, na kuhara damu, na kutokwa damu tumboni kusikokoma. Tarehe 1 Mei mwaka 1873 alikufa katika kijiji cha Chitambo. Ukiuliza ni ugonjwa gani uliomwua, ni vigumu kuutaja mmoja peke yake, maana kila mmoja ulikuwa umekwisha kula sehemu ya nguvu ambazo zingemsaidia kushindana na wenziwe.

Miaka ya 1890 ilileta balaa juu ya balaa katika nchi zote za Afrika ya Mashariki. Sotoka iliua ng'ombe, ikafika katika nchi zilizo kati ya Nyasa na Tanganyika karibu mwaka 1892. Ndui ilipita pamoja na misafara. Funza naye, aliyeletwa kwa meli kutoka Amerika hata Angola mwaka 1872, alivuka bara lote hata akafika pwani ya mashariki kabla ya karne kwisha. Msomaji aweza kumdharau funza kuwa mdudu mdogo. Lakini mtu asiyeweza kukanyaga chini kwa vidonda hawezi kulima. Asiyelima ana njaa. Na mwenye njaa hana nguvu za kuipinga ndui. Mwanahistoria Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha mwaka 1977, alieleza kwamba mambo haya yalisaidiana: ng'ombe na watu walipopungua, mashamba yakawa pori, na pori likawa makao ya mbung'o. Hivyo ugonjwa wa ng'ombe uliandaa njia ya ugonjwa wa watu.

Mfano mwingine wa namna hiyo ulionekana mwishoni mwa Vita Kuu ya kwanza. Jenerali Lettow-Vorbeck alisalimisha silaha Abercorn, kusini tu ya Ufipa, tarehe 25 Novemba mwaka 1918. Askari na wapagazi wake walipelekwa Bismarckburg, ndiyo Kasanga ya leo, wakapandishwa melini kwenda Kigoma, na kutoka huko wakafika Tabora. Mafua makuu ya mwaka huo yakawakuta njiani na kambini, nao walikuwa wamekwisha kuchakazwa na miaka ya njaa na homa. Wengi walikufa. Mafua yale yaliua duniani kote, lakini palipokuwa na miili iliyodhoofishwa na maradhi mengine, yalipata kazi nyepesi.

Sasa na tutazame jinsi maradhi haya yalivyopigwa vita. Ugonjwa uliowatia hofu watawala kuliko yote ulikuwa malale. Mwaka 1906 na 1907 Robert Koch aliuchunguza katika visiwa vya Sese, akatumia dawa iitwayo atoksili. Baadaye Wadachi waliweka kambi za malale kando ya maziwa, Tanganyika likiwa mojawapo. Koch alipozidisha kipimo cha dawa ile, baadhi ya wagonjwa walipofuka macho. Basi mtu aliingia kambini kwa ugonjwa mmoja, akatoka na kilema kingine. Upande wa kusini wa ziwa, katika nchi iliyokuwa chini ya Waingereza, watu walihamishwa kutoka ufukoni karibu mwaka 1908. Waliepushwa na mbung'o, lakini waliachanishwa na samaki wao na mashamba yao ya zamani. Baada ya vita Waingereza waliotawala Tanganyika wakaendelea na kazi hiyo, na tangu miaka ya 1920 watu wa mikoa ya magharibi walikusanywa katika vijiji vikubwa ili pori lifyekwe na mbung'o wakose makao.

Hatusemi kwamba kazi hiyo haikufaa kitu. Malale huua, na ilipasa izuiwe. Twasema tu kwamba daftari la kambi lilikuwa na safu ya malale. Mtu mwenye malale na safura na kikohozi aliandikwa mara moja, kwa ugonjwa mmoja. Mengine alirudi nayo nyumbani, wala hakuna aliyemwambia kitu juu yake.

Kando ya kazi hiyo ilikuwako kazi ya namna nyingine, iliyofanywa na mtu mmoja, na habari zake zapasa kujulikana na kila mwalimu. Adrian Atiman alizaliwa karibu mwaka 1866 katika nchi za mto Niger. Akiwa mtoto alitekwa na kuuzwa utumwani, kisha akakombolewa na Wamisionari wa Afrika, waitwao Mapadre Weupe. Kardinali Lavigerie alikuwa amefungua chuo katika kisiwa cha Malta mwaka 1881 ili vijana Waafrika waliokombolewa wasomee utabibu, na Atiman akasoma huko. Mwaka 1889 alifika Karema, penye ngome iliyojengwa na Wabelgiji na kukabidhiwa kwa mapadre mwaka 1885. Akaoa hapo, akazaa mtoto aliyekuja kuwa padre, na hapo alikaa hata alipokufa mwaka 1956. Ni miaka 67.

Katika miaka hiyo serikali tatu zilipita: mapadre wenyewe walitawala mahali pale mwanzoni, wakaja Wadachi, wakaja Waingereza. Kampeni za ugonjwa huu na ule zilikuja na kwenda. Atiman hakuwa tabibu wa malale, wala wa ndui, wala wa vidonda. Alikuwa tabibu wa Karema. Mtu aliyeletwa kwake mwaka mmoja kwa homa, aweza kuwa ndiye aliyeletwa mwaka mwingine kwa jipu, na wa tatu kwa uzazi mgumu. Tabibu akaaye na watu kwa umri wa vizazi viwili huwa yeye mwenyewe ndiye daftari: ajua mama wa mgonjwa alikufa kwa nini, na mgonjwa mwenyewe aliugua nini utotoni. Hospitali ya jimbo Katoliki katika mji wa Sumbawanga yaitwa leo kwa jina lake, na jina hilo lastahili kukaa hapo.

Lakini Karema ni mahali pamoja, na Ufipa ni nchi kubwa. Kwingineko mtu alipopatwa na maradhi matatu, ni nani aliyemwambia sababu yake? Hapa twarudi kwa wanga. Bwana Roy Willis, mtaalamu wa mila aliyekaa Ufipa mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliandika kwamba waganga wa Kifipa hueleza ugonjwa kuwa jambo limjialo mtu kwa njia fulani: njia ya wazee waliokufa, njia ya pepo wa nchi, au njia ya jirani mwenye kijicho. Tusiyacheke maneno haya. Mganga wa namna hiyo alimtazama mgonjwa pamoja na jamaa zake na majirani zake wote, na katika jambo hilo alikuwa na upana ambao daftari la kambi halikuwa nao. Shida yake ni kwamba moja ya njia hizo humalizikia mlangoni pa mtu mwingine.

Kwa hiyo, misiba ilipozidi, watu walitafuta kuisafisha nchi yote mara moja. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 ilitokea Nyasaland shughuli iliyoitwa mchapi, neno litokanalo na kuchapa, ambalo katika Kinyanja ni kufua au kuosha. Vijana walikwenda kijiji kwa kijiji, wakawanywesha watu dawa, wakawataka wenye pembe na vifuko vya uchawi wavitoe. Mwaka 1934 Bibi Audrey Richards aliiona kazi yao katika nchi ya Wabemba, akazichunguza pembe zilizorundikwa, akakuta kwamba nyingi sana zilikuwa vyombo vya dawa za kawaida, na chache tu ndizo zilizoweza kudhaniwa kuwa za uchawi. Msomaji na alipime jambo hilo: watu waliokuwa wakitupa uchawi, walitupa tiba. Shughuli za namna hiyo zilivuka mpaka hata Ufipa, na Bwana Willis aliiona moja katika miaka ya 1963 na 1964, iliyoitwa Kamchape. Vijana ndio waliokuwa mbele, na wazee ndio walioshutumiwa. Wala jambo hili halikubaki la kale tu, maana hata katika karne hii ya 21 vikongwe wameuawa katika sehemu mbalimbali za Tanzania kwa shutuma za uchawi, hasa baada ya ugonjwa au kifo ambacho jamaa hawakupewa maelezo yake.

Hapo ndipo ubaya wote ulipo. Mtu mwenye ugonjwa mmoja husema, "Nimeugua." Mwenye maradhi matatu husema, "Nimerogwa," kwa kuwa aona haiwezekani mambo matatu yamkute mtu mmoja kwa bahati tu. Nusu ya kwanza ya hoja yake ni kweli! Si bahati. Maradhi huitana. Lakini huitana ndani ya mwili, wala hakuna jirani ayatumaye. Safura hunyonya damu, na malaria huivunja ile iliyobaki. Virusi vya ukimwi hubomoa kinga, na kifua kikuu kilicholala kifuani kwa miaka huamka. Kisukari nacho humfanya mtu apatikane na kifua kikuu mara mbili hadi tatu kuliko asiye nacho. Hata dawa zapambana: rifampisini, ambayo ni nguzo ya tiba ya kifua kikuu, hupunguza nguvu za baadhi ya dawa za kisukari na za virusi vya ukimwi, hata ikabidi vipimo vibadilishwe.

Baada ya uhuru nchi ilijifunza jambo hili polepole. Mwaka 1977 uliundwa mpango mmoja wa taifa wa kupambana na kifua kikuu na ukoma kwa pamoja, na kazi ya Dakta Karel Styblo katika mpango huo ikawa kielelezo kwa dunia nzima. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa ukimwi walitambuliwa Kagera. Tangu mwaka 2004 dawa za kupunguza makali zilianza kutolewa bure, na watu waliohesabiwa kuwa maiti wakarudi mashambani. Uchunguzi wa mwaka 2022 na 2023 ulikuta watu 4.4 katika kila 100 wa miaka 15 na zaidi wanaishi na virusi hivyo. Wao sasa wanazeeka, nalo ni jambo la kushukuru; lakini kuzeeka huleta shinikizo la damu na kisukari. Uchunguzi wa mwaka 2012 ulikuta kwamba katika Watanzania wa miaka 25 hadi 64, karibu 26 katika kila 100 wana shinikizo la damu, na karibu 9 wana sukari iliyozidi. Maradhi hayo yaliyodhaniwa kuwa ya matajiri wa mjini yamekwisha ingia katika nyumba ambazo malaria na kifua kikuu hazijatoka bado.

Lakini milango ya tiba mara nyingi imebaki mbalimbali. Kliniki ya virusi ina siku yake, ya kisukari siku yake, ya kifua kikuu siku yake. Kwa mtu wa mjini ni usumbufu. Kwa mama atokaye bonde la Rukwa, apandaye mlima hata Sumbawanga kwa nauli ya kukopa, ni kuchagua ugonjwa gani utibiwe na upi uachwe. Si lazima iwe hivyo. Utafiti uliofanywa katika vituo 32 vya Tanzania na Uganda, na kutangazwa mwaka 2023, uliwatibu wagonjwa wapatao 7,000 wenye virusi vya ukimwi, kisukari au shinikizo la damu. Katika nusu ya vituo hivyo walitibiwa wote katika kliniki moja, mbele ya wahudumu wale wale. Wenye virusi hawakupata hasara yo yote kwa kuchanganywa na wengine, na wagonjwa wengi sana walidumu katika tiba. Tena mtu asimamaye katika mstari huo hajulikani ana ugonjwa gani, hivyo aibu hupungua. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio kitamfichua. Lakini na tuseme kweli, wako waliofichishwa na mlango wenye jina la ugonjwa mmoja.

Yatupasa nini sisi tufundishao? La kwanza ni la lugha. Tumezoea kumwuliza mgonjwa, "Una ugonjwa gani?" kana kwamba ni lazima uwe mmoja, naye hujibu kwa kutaja mmoja. Tumwulize, "Na nini tena?" na tungoje jibu. Tena tuyaandike majina ya maradhi kama wenyeji wayatajavyo, katika Kifipa na lugha za jirani, maana neno moja kama homa laweza kufunika mambo matano, na asiyejua neno la mgonjwa hajui mgonjwa asema nini.

La pili ni kueleza. Mtu afapo baada ya kuugua mambo mawili au matatu, wafiwa wana haki ya kuambiwa, kwa maneno yao na kwa ruhusa ya wenyewe, jinsi la kwanza lilivyolifungulia la pili. Mwalimu au padre asimamaye kwenye msiba mara nyingi ndiye mtu wa pekee aliyepo awezaye kumwuliza tabibu na kuyaleta majibu nyumbani. Asipofanya hivyo, mwingine atakuja na maelezo yake, na maelezo yale yatamtaja mtu kwa jina. Pengine atakuwa bibi kizee akaaye peke yake mwisho wa kijiji, ambaye naye ana macho mekundu kwa moshi wa miaka mingi, na miguu iliyovimba kwa moyo usiopata dawa.